Sare Isiyo na Kola

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule. Duka langu lina ukuta wa mbao. Upande wa pili wa mbao hizo kuna saluni ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Mbao zina nyufa. Wifi akicheka, nasikia. Akimsifu mtoto wake, nasikia zaidi.

Na alimsifu kutwa nzima.

"Chiriku wangu jana kasoma gazeti," alimwambia mteja asubuhi moja. "Ukurasa mzima! Nikamwambia, mwanangu pumzika, utaota miwani."

Wateja wakacheka. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Nisifiche. Nilimwonea wivu wifi yangu. Binti zetu walizaliwa mwezi mmoja, wangu akitangulia kwa siku tisa. Wake tulimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Wangu, baba yake alimwita Sindano kwa wembamba wake. Chiriku alisema "mama" kabla hajatembea. Sindano alitimiza miaka mitatu bila kusema neno. Chiriku alimpungia mkono kila mpita njia. Sindano hakumtazama mtu usoni. Alikaa chini ya meza yangu akipanga vifungo, vyeupe safu yake, vyeusi safu yake. Ukigusa kimoja tu, alilia mpaka sauti ikamkauka.

Alipofika miaka mitano tulimpeleka hospitali. Daktari alimchunguza siku tatu tofauti. Mwisho alituambia kuwa mtoto ana usonji, na kwamba atajifunza kwa njia yake, si kama wenzake. Akatuandikia barua ya kupeleka ofisi ya elimu. Huko mtoto angepimwa na kutafutiwa shule inayomfaa.

"Tuipeleke kesho," alisema mume wangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache.

"Nitaipeleka mimi," nilimjibu.

Sikuipeleka. Niliikunja nikaiweka ndani ya droo ya cherehani, chini ya uzi. Mume wangu akiuliza, nilimwambia wamesema tusubiri. Nilijua wifi akisikia, saluni nzima itasikia. Mimi nilitaka Sindano aende shule ileile ya Chiriku. Basi.

Shule hiyo watu waliiita Sweta Nyekundu. Mtoto akipita na sweta ile, watu wanageuka. Sare zake nilizishona mimi. Miaka sita nilipima mabega ya watoto wa wenzangu. Sasa ilikuwa zamu ya wangu.

Ili kuingia, mtoto alihojiwa na mwalimu mkuu. Maswali niliyapata bure. Wifi alikuwa akimfundisha Chiriku ng'ambo ya ukuta, nami sikio langu liko kwenye ufa. Jina lako nani? Una miaka mingapi? Unaishi na nani? Unapenda nini?

Jioni nilimfundisha Sindano yaleyale. Maneno alikuwa ameshayapata kufikia hapo, lakini aliyarudia tu kama alivyoyasikia. Kumbukumbu yake ni ya ajabu. Kwa wiki moja aliyajibu yote manne mfululizo, tena kwa sauti yangu hasa.

Siku ya mahojiano, mwalimu mkuu alisoma maswali kwenye karatasi, la kwanza mpaka la nne. Sindano akajibu la kwanza mpaka la nne, macho yako kwenye feni.

"Mtoto makini huyu," alisema mwalimu mkuu.

Nilitoka pale kichwa kimevimba. Nikapita mbele ya saluni polepole, ili nionekane.

Kisha nikashona sare ya Sindano. Nilitaka iishinde ya Chiriku. Ndani ya kola nilitia kitambaa kigumu, si tabaka moja, mawili. Nembo niliidarizi kubwa. Shingoni nikaweka lebo yenye jina la duka langu. Nilipoipiga pasi, ilisimama mezani yenyewe.

Na ya Chiriku pia niliishona mimi. Hapa nitasema jambo la aibu. Upindo wa sketi yake niliupindisha. Upande mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole. Mtu asiye fundi asingeona. Lakini mimi nilijua, na kila alipopita roho yangu ilitulia kidogo.

Shule ikaanza, na vita vya asubuhi navyo vikaanza. Nilipomvalisha Sindano shati, alipiga kelele. Nikifunga kola, anaivuta. Nikimshika mikono, ananing'ata.

"Mkaidi wewe!" nilimfokea. "Mwenzako anavaa mwenyewe, wewe una nini?"

Wiki ya tatu mwalimu wa darasa aliniita.

"Mama Sindano, kengele ikilia anaziba masikio na kuingia chini ya dawati. Nikimtoa, ananikwaruza. Nina watoto sitini na wawili. Nifanyeje?"

"Atazoea," nilisema.

Hakuzoea. Wakaanza kumtoa nje. Alishinda bombani, peke yake, akipanga vizibo vya chupa. Muhula ulipokwisha, daftari lake lilikuwa jeupe kama nililolinunua. Ndani yake kulikuwa na barua. Ilisema kwamba asipobadilika muhula unaofuata, nafasi yake atapewa mwingine.

Siku hiyohiyo Chiriku alipewa kikombe cha kusoma vizuri. Wifi alikiweka mbele ya kioo cha saluni. Kwa hiyo kikombe kilionekana mara mbili.

"Wifi, njoo ukione!" aliniita.

"Nina kazi," nilimjibu. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa nikizitazama zile mbao, na machozi yananitoka.

Likizo ikapita. Muhula mpya ulipoanza, walimrudisha Sindano nyumbani siku ya pili tu. Nikamweka chini ya meza yangu, sare ikiwa mwilini.

Mchana akaingia mama mmoja mrefu. Alivaa viatu vya raba na alitembea bila sauti hata kidogo. Alisema yeye ni mwalimu, na anataka magauni kumi na mawili ya shule, mawilimawili kwa wasichana wake sita.

"Kola isiwepo," alisema.

"Isiwepo?"

"Isiwepo. Lebo usiweke. Mishono igeuzie nje, ndani kuwe laini. Na kitambaa ukifue mara mbili kabla ya kukikata, ili kilegee."

Niliweka tepu mezani. "Mwalimu, mishono nje? Watu watasema fundi alikuwa amelewa."

"Waseme. Wao hawaivai."

"Hao watoto wako wana nini?"

"Wana usonji. Si wote wako sawa, lakini wengi wao wanahisi vitu kuliko mimi na wewe. Lebo ambayo wewe huijui kama ipo, mtoto huyu inamchoma kutwa. Kengele ambayo wewe unaisikia tu, yeye inampasua kichwa. Halafu anaambiwa mkaidi. Fundi, wewe ungejifunza hesabu huku mtu anakuchoma pini shingoni?"

Nilikuwa nimeinama, nimemtazama Sindano. Shingo yake ilikuwa na alama nyekundu, mstari mzima, pale kola ilipokaa. Kola yenye matabaka mawili. Nilikuwa nimetia la pili kwa ajili ya wifi.

Mwalimu alikuwa na gauni moja la mfano, kuukuu. Aliliacha kwenye ukingo wa meza. Sindano akatoka chini polepole. Akalishika. Akalisugua shavuni. Kisha akavua shati lake la Sweta Nyekundu mbele yetu, akavaa lile gauni mwenyewe. Mwenyewe! Halafu akarudi kwenye vifungo vyake.

Mwalimu hakumsemesha. Alichuchumaa pembeni yake. Kisha akaokota kifungo cheusi, akakiweka mwisho wa safu ya vyeusi. Nilijikaza nikisubiri kilio. Sindano hakulia. Alisogeza kifungo kikae sawa, akaendelea.

Wivu ulinipanda mpaka kooni. Miaka yote ile mimi nikigusa analia. Huyu kaja leo na viatu vyake vya raba!

"Ameshapimwa?" mwalimu aliuliza.

"Hana kitu. Anachelewa tu."

Hakubishana nami. Alisimama, akajipangusa magoti.

"Sawa. Lakini siku ukimtafutia mtoto shule, usiulize ina sifa gani mjini. Uliza darasa lina watoto wangapi. Uliza kama yupo mwalimu aliyesomea watoto wa namna hii. Uliza mtoto akizidiwa na kelele anapelekwa wapi, na nani anakaa naye. Tena nenda na mtoto, mkae, mtazame. Wapo wenye usonji wanaoweza darasa la kawaida wakisaidiwa. Wapo wanaohitaji darasa dogo kwanza. Wa kwako ni yupi, huwezi kujua kwa kukisia. Lazima apimwe."

"Na shule yako je?"

"Yangu nayo iulize hayohayo. Usiniamini kwa ajili ya viatu."

Alipoondoka, Sindano alikataa kulivua lile gauni. Alilala nalo.

Kesho yake nilipiga moyo konde nikaenda Sweta Nyekundu. Nilimuuliza mwalimu mkuu yale maswali. Yeye alikuwa mtu mkweli.

"Watoto sitini na wawili, mama. Aliyesomea hayupo. Akizidiwa anakaa bombani, na hapana anayekaa naye. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza haya. Kama ningejua, ningekwambia mapema."

Hakujua kwa sababu nilimficha.

Jioni nilitoa barua ya daktari chini ya uzi, nikampa mume wangu. Aliigeuza huku na huku. Kona zake zilikuwa zimeshakuwa za njano.

"Hii haikufika?"

"Haikufika. Nilikudanganya."

"Miaka miwili, Mama Sindano."

Heri angenifokea.

Ofisi ya elimu walimpima Sindano asubuhi mbili. Walisema anahitaji darasa dogo, picha na kazi fupifupi, na mahali pa utulivu. Shule zenye darasa hilo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mbali, ya bweni, na mtoto wangu halali nje ya kitanda chake. Ya pili ilikuwa darasa maalumu ndani ya shule ya kawaida, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nafasi imebaki moja. Mwalimu wake ni yule wa viatu vya raba. Siku ya kumpeleka mtoto akaonwe, anatakiwa mama, na ndugu mwingine anayemjua. Mume wangu alikuwa kazini.

"Nakwenda mimi," alisema wifi kutoka ng'ambo ya ukuta. Sikuwa nimemwambia kitu.

"Wifi, ni jambo dogo tu, usijisumbue."

"Mimi si shangazi yake? Nakwenda."

Nilitamani ardhi inimeze. Shule yenyewe ukuta umebanduka rangi, sweta hawana. Na wifi atayaona yote, ayapeleke saluni! Basi nikafanya kosa lilelile. Siku tatu nilimfundisha Sindano majibu yake manne. Angalau wifi asikie mtoto anajibu.

Darasa lilikuwa na watoto wanane na walimu wawili. Kila meza ilitazama ukuta wake. Ukutani palikuwa na picha zimepangwa: begi, kitabu, bomba, chakula, nyumba. Kwenye kona palikuwa na mkeka nyuma ya pazia. Mtoto mmoja alikuwa amejilaza pale, ametulia, mwalimu msaidizi yuko karibu naye. Hakukuwa na kengele. Mwalimu aliinua kadi ya kijani, watoto wakabadilisha kazi.

"Karibu, Sindano," alisema mwalimu wa viatu vya raba. "Leo mmekuja na nani?"

"Naitwa Sindano," alijibu mtoto.

"Mlipita njia gani?"

"Nina miaka saba."

"Unataka maji?"

"Naishi na baba na mama."

Wifi alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Mama Sindano, majibu haya ni yako, si yake. Nafasi ninayo moja. Leo naandika vitu gani anaweza na vipi hawezi, na hapo ndipo masomo yake yataanzia. Nikiandika ya uongo, nitampangia masomo mtoto ambaye hayupo. Na huyu aliyepo atarudi kwako vilevile alivyokuja. Sasa niambie, anaweza nini?"

Wifi alikuwa ameketi hapo ubavuni, amesuka vizuri, begani amening'iniza mkoba wake. Yeye ndiye mtu niliyemficha miaka yote ile. Kusema kweli mbele ya daktari ningeweza. Mbele ya wifi ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo.

Sindano alianza kuvuta uzi wa mkono wa gauni lake, akijitikisa. Nikamwona. Nikaona nikinyamaza atarudi bombani.

"Hawezi kwenda choo bila kuongozwa," nilisema. "Hajui kuandika hata herufi moja. Hajibu swali, anarudia tu. Akisikia kelele anang'ata. Hachezi na wenzake." Nikapumua. "Na kuniita mama hajaniita. Neno analijua. Lakini kuniita mimi, hata siku moja."

Kalamu ya mwalimu ilikuwa inakimbia. "Na anaweza nini?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifikiri.

"Anapanga. Hakosei rangi wala matundu. Kitu akikiona mara moja, hakisahau. Na anajua kitambaa. Ukimpa vipande kumi amefumba macho, atakuchagulia kilicho laini kuliko vyote."

"Vizuri," alisema mwalimu. "Tutaanzia hapo. Na ujue, mama, si malezi yako yaliyoleta usonji, wala si laana ya mtu. Amezaliwa hivyo. Nafasi ni yake."

Tulirudi, Sindano yuko katikati. Nilisubiri wifi aseme neno. Tulipokaribia duka nikashindwa.

"Najua utawaambia saluni."

"Niwaambie nini? Wifi, ukuta ule ni wa mbao. Kama wewe unanisikia, mimi nina masikio ya chuma? Kila asubuhi nimesikia mnavyopigana na ile kola. Nimesikia unavyolia. Nilipandisha sauti nikimsifu wangu ili wateja wasikusikie wewe."

Nilisimama njiani.

"Na upindo wa sketi ya Chiriku niliuona," aliendelea. "Tangu siku ya kwanza. Nimesuka nywele miaka kumi na tano, kitu kilichokwenda upande siwezi kukikosa? Nikasema acha, roho ya mwenzangu imebanwa."

Nilimwambia tu, "Ilete hiyo sketi." Niliufumua upindo jioni ileile, na nikaushona kwa mkono.

Msidhani wivu uliishia hapo. Ulihama tu nyumba. Wiki ya pili Sindano alimshika mwalimu mkono mwenyewe. Wiki ya tano akaanza kumpa kadi: akitaka maji, anatoa kadi ya bomba, akichoka, anatoa ya mkeka. Mwalimu aliniambia tufanye hivyohivyo nyumbani. Nikashona kitambaa cha kutundika mlangoni, chenye mifuko kumi, kila mfuko na picha yake. Mtoto alikitumia kwa maji, kwa chakula, kwa choo. Vita vya asubuhi vikaisha. Nilifurahi, sikatai. Lakini nilipomwona anamkimbilia yule mwanamke mlangoni, nilimeza mate machungu. Mimi nimemzaa, na anayekimbiliwa ni viatu vya raba!

Mwalimu aliomba picha yangu ndogo, aiongeze kwenye kadi za darasani. Sikuipeleka. Anaye mwalimu wake, nikasema moyoni, picha yangu ni ya nini?

Mwezi wa nne akaniita. Nilikwenda saa sita mchana.

"Kaa hapa nyuma, utazame," alinong'ona.

Watoto walikuwa wanamaliza kazi. Sindano aliandika S, ya pili, ya tatu, zimeinama lakini ni zake. Kisha akainuka, akaenda ukutani. Akapita kadi ya maji, akapita ya chakula. Akatoa kadi moja, akampelekea mwalimu. Ilikuwa picha ya cherehani.

"Kila siku saa hii anatoa hiyo," alisema mwalimu. "Tulidhani anataka kushona. Tukampa kitambaa na uzi, anavisukuma. Tukampa vifungo, anasukuma. Anarudi kuchukua kadi ileile, anasimama nayo mlangoni. Jana ndipo nikakumbuka kwamba picha yako haipo."

Sindano akageuka akaniona. Alikuja na kadi yake. Hakunitazama usoni, alitazama bega langu. Akaniwekea cherehani kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake viwili.

"Mama," alisema.

Nililia palepale, mbele ya watoto wanane. Mmoja wao aliniletea kadi ya mkeka.

Kesho yake nilipeleka picha yangu. Nilikuwa nimesukwa na wifi, bure, na Chiriku akinisomea gazeti. Sindano aliitazama ile picha, akairudisha mezani. Akachukua ya cherehani.